Mama Anamwita Mwanaidi Kwenye Kompyuta Yangu

Songea, Jumapili, katikati ya Julai. Ukungu asubuhi, jua dogo mchana, sasa baridi imerudi.

Leo nilipotoka kwenda misa ya kwanza sikumwona mtu aliyekuwa mbele yangu, niliona koti lake tu likitembea. Hali ya hewa ya Songea mwezi wa saba haihitaji maelezo kwa anayeijua, na asiyeijua aje kwanza nimfumie sweta ndipo nimweleze.

Hali ya moyo wangu: wivu.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Basi libaki. Nina binti yuko chuo, nina nyumba, nina mashine yangu ya kufuma masweta pale Majengo, na nimekaa wiki nzima nikimwonea wivu wifi yangu kama mtoto aliyenyimwa nyama. Nimesali leo kuhusu jambo hili. Nilisali vizuri kabisa, kisha wakati wa matangazo nikajikuta namfikiria tena na meno nimeyauma.

Nianze mwanzo, maana baadhi yenu mnaopita hapa hamnijui.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Anaishi Namtumbo kwa mdogo wangu Kastori, ambaye anaendesha lori na kwa hiyo haishi kokote. Nyumbani wanabaki wawili: mama na mke wa Kastori, Mwanaidi. Mwanaidi ni mtu wa Tunduru, Mwislamu, na anafundisha kompyuta sekondari. Wakati wa posa mama alinuna. Alisema ukoo wetu wote ni wa kanisani, sasa huyu mtoto anatupeleka wapi? Mimi ndiye niliyemtetea Mwanaidi. Nilikwenda Namtumbo kwa ajili hiyo tu, nikakaa na mama jikoni, nikamwambia, mama, mpe nafasi binti wa watu.

Akampa. Amempa nafasi mpaka mimi sina pa kukaa.

Siku hizi nikipiga simu, ni Mwanaidi hivi, Mwanaidi vile. Mwanaidi kaleta korosho kutoka kwao. Mwanaidi kapika usipa kwa nazi, sijawahi kula usipa mtamu vile. Mama! Dagaa haohao wa ziwani mimi nimekupikia tangu nikiwa darasa la tano!

Sasa, tangu mwaka jana nimekuwa nikijenga chumba upande wa nyuma wa nyumba yangu. Sikumwambia mama kwamba ni chake. Nilikuwa nikiuza masweta ya shule, napata mifuko ya saruji, nauza tena, napata mabati. Mwezi wa tano fundi akamaliza lipu na sakafu. Dirisha niliweka kubwa, linatazama milima ya Matogoro, nikasema moyoni mama akiamka aone kijani. Nikanunua kitanda kipya na godoro nene. Kisha madaktari wa hapa mjini wakampangia mama kliniki ya magoti, mara mbili, na kati ya ya kwanza na ya pili ilibidi abaki Songea. Nikaona Mungu amenifungulia mlango.

Nilipomfungulia mama kile chumba nilimwambia wazi. Mama, hiki ni chako. Si cha kulala wiki mbili, ni chako. Kastori nimeshaongea naye, amesema mama mwenyewe aamue.

Mama alipapasa ukuta kwa kiganja. Akasema, "Umefanya kazi kubwa, Tilia. Mungu akubariki."

Hakusema nitabaki, wala hakusema nitarudi.

Tangu siku hiyo nangojea jibu. Kila anachofanya mama nakipima kwenye mizani hiyo: huyu anabaki au anaondoka? Na kila ninachokiona, nakiona kimeandikwa Mwanaidi.

Kwa mfano shali. Mama amekuja na shali ya kijani, nzito, aliyonunuliwa na Mwanaidi. Haivui. Anapika nayo, anakula nayo, nadhani analala nayo. Mimi mwanawe ni mfumaji. Nusu ya watoto wa shule wa mji huu wanavaa kazi ya mikono yangu, na mama yangu anazunguka nyumbani kwangu kajifunga Mwanaidi mabegani. Siku moja nilimwambia aivue niifue. Akasema haijachafuka.

Halafu jikoni. Jiko langu liko nje kidogo, kibanda cha matofali. Alfajiri nikiamka nakuta mama keshafika, kakaa kwenye kigoda karibu na moto, anautazama uji. Namwambia rudi ulale, mama, uji naujua. Anasema anaangalia usifurike. Nikajua tu: kazoea uji wa Mwanaidi, wangu hauamini.

Na mchana hakai chumbani. Nimemwekea redio, nimemwekea kiti chenye mto, yeye anachukua kile cha plastiki anakwenda kukaa kibarazani mbele, barabarani, saa nzima, mbili. Kibaraza kile kinatazama upande ambao magari ya Namtumbo yanapita. Nilikuwa namchungulia kupitia pazia na roho inaniuma. Nilijisemea: anahesabu mabasi.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikwama kooni ni la kompyuta.

Mama kule Namtumbo hutumia kompyuta ya Mwanaidi. Amezoea kuuliza mambo kwenye mtandao: bei ya mahindi, dawa za kuku, masomo ya misa ya Jumapili. Ni mwalimu, hawezi kukaa bila kujua kitu. Siku ya pili tu hapa kwangu akaniuliza kama kompyuta yangu inafanya kazi. Nikafurahi mno. Nikamwekea mezani, nikawasha intaneti ya simu, nikamfungulia kivinjari, nikamwonyesha ule mstari mrefu wa juu, ambao ni wa anwani lakini ukiandika swali unakutafutia. Akasema anaujua. Nikaenda zangu Majengo kwenye mashine.

Nilirudi jioni nikamkuta kaifunga.

"Kompyuta yako ni mbovu, Tilia," akaniambia kwa upole, kama mtu anayetoa habari za msiba. "Haisikii. Nauliza habari za kuku, inaniletea mabibi harusi."

Nikacheka. Nikakaa, nikaandika kwenye mstari wa juu dawa ya kuku anayekohoa, nikabonyeza enta. Majibu tele. Nikamwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema kwa mgeni ndivyo ilivyo, kwa mwenyewe kompyuta inajitahidi.

Kesho yake vilevile. Mabibi harusi. Mara mwanamke anauza vitenge, mara picha za watoto wa chekechea. Kwangu inafanya kazi, kwa mama haifanyi.

Hapo heshima yangu ikaingia majaribuni. Mwanaidi ni mwalimu wa kompyuta, sawa, lakini na mimi si wa kuchekwa. Oda zangu zote za masweta nazipokea kwenye kompyuta hii, na blogu hii siandikiwi na mtu. Nikasema tatizo hili nitalitatua mwenyewe na jina la Mwanaidi halitatajwa.

Nikaanza na bando, nikadhani limebaki kidogo. Lilikuwepo. Nikazima kompyuta nikaiwasha. Nikaingia kwenye mipangilio kuangalia ni mtambo gani wa kutafutia umewekwa, maana nimesoma kwamba kuna programu za kijanja hujipachika zikaubadilisha, kila unachotafuta kikaishia kwenye matangazo. Ulikuwa uleule wa siku zote. Nikaangalia vile vinyongeza ambavyo hupachikwa kwenye kivinjari, nikakuta kimoja nisichokikumbuka, nikakiondoa kwa hasira kana kwamba ndicho kilichomchukua mama yangu. Nikasasisha kivinjari. Nikabadilisha lugha kuwa Kiswahili, nikidhani labda inamwelewa vibaya. Nilitaka hata kufuta historia yote ya utafutaji, nianze upya, ila umeme ukakatika, betri nayo ikaisha, nikaacha.

Umeme uliporudi nikamwambia mama ajaribu. Akajaribu. Mabibi harusi.

Alhamisi ndipo nilipofanya jambo ambalo fundi yeyote angelifanya siku ya kwanza. Nilisimama nyuma yake nikatazama anavyoandika.

Mama anaandika kwa kidole kimoja, kile cha chaki. Alisogeza kiti, akakaza shali, akaanza kwenye mstari wa juu kwa herufi kubwa ya mwanzo kama alivyotufundisha.

Mwanaidi, mahindi yanauzwaje Namtumbo wiki hii?

Akabonyeza enta. Wakaja kina Mwanaidi wa dunia nzima, wengine na mashela.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Niko nyumbani kwangu, nyuma ya kiti changu, kwenye kompyuta yangu, na mama yangu anamwita mke wa mdogo wangu.

Nikamuuliza kwa sauti ambayo nilijitahidi iwe ya kawaida, mama, mbona unaandika jina? Akaniangalia kama mwanafunzi aliyeuliza kwa nini darasa lina ubao. Akasema, "Sasa nisipoandika jina namuuliza nani?"

Nikamwambia hamuulizi mtu, mama, hii ni mashine, unaandika unachotaka tu.

"Mwanangu, hata darasani nilikuwa nawakataza. Mtu huitwa kwanza, kisha huulizwa. Ukibwata tu swali, umeliuliza ukuta." Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, "Kule nyumbani nikimwita Mwanaidi inanijibu vizuri."

Nyumbani! Alisema kule nyumbani!

Nilimwambia kwamba uji unaungua, nikatoka. Hakukuwa na uji.

Ijumaa nikiwa peke yangu mezani nilitaka kumtumia mteja wa Mbinga picha za masweta. Nikaandika herufi M kwenye ule mstari wa juu, na kabla sijafika popote, chini yake ikashuka orodha ya vile vilivyotafutwa siku zilizopita. Mwanaidi. Mwanaidi. Mwanaidi. Mstari juu ya mstari, yote inaanza na mtu mmoja. Sikusoma zaidi ya jina. Niliufunga mfuniko wa kompyuta kwa nguvu hata kikombe kikaruka kwenye kisahani.

Nikaanza kufikiri mambo ya kijinga, na kwa kuwa hapa ni mahali pa kusema ukweli nayasema. Nilifikiri mama amerogwa. Nilifikiri mama anazeeka akili na Mwanaidi ndiye wa mwisho atakayebaki kichwani mwake. Nilifikiri nimpigie simu Kastori nimwambie mkeo amemfundisha mama kuniaibisha. Kisha nikafikiri, na hili ndilo baya zaidi, kwamba nisiitengeneze kabisa. Mama akikaa bila kumpata Mwanaidi siku nyingi, atamsahau.

Jana jioni tulikula pamoja. Mama alisema magoti yamezidi kumuuma tangu aje. Mimi nikasikia: nataka kurudi Namtumbo. Nikamwambia dawa za kliniki huchukua muda, avumilie. Akasema sawa, mwanangu.

Leo baada ya misa nilishindwa. Labda ni ile sala, labda ni vile nilivyorudi nikamkuta kibarazani, kiti cha plastiki kimesogezwa mpaka ukingoni kabisa, anatazama barabara. Nikaingia ndani, nikafunga mlango wa chumba changu, nikampigia Mwanaidi.

"Shikamoo wifi," akapokea kwa furaha ambayo iliniudhi. "Mama yuko salama? Magoti je?"

Nikamwambia marahaba, mama mzima, magoti hivyohivyo. Nikazunguka kidogo, nikauliza habari za Kastori, habari za kuku. Mwisho nikalitapika. Nikamwambia mama anaandika jina lako kwenye kompyuta yangu na haimletei kitu, wewe kwako umefanya nini?

Akacheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Jamani mama! Kumbe anaandika na huko? Astaghfirullah, nilisahau kukwambia."

Akanieleza. Mama alipoanza kutumia kompyuta alikuwa kila swali analitanguliza na jina la mtu, na Mwanaidi alishindwa kumwachisha. Kwa hiyo badala ya kumbadilisha mama akabadilisha kompyuta. Kumbe ukienda kwenye mipangilio, sehemu ya mitambo ya kutafutia, unaweza kuongeza wa kwako. Kuna visanduku vitatu. Cha kwanza jina, lolote. Cha pili ni neno la mkato: ukiliandika neno hilo kwenye mstari wa juu halafu ukabonyeza nafasi, kompyuta inajua hilo si sehemu ya swali, ni mlango tu. Cha tatu ni anwani ya mtambo wenyewe, na pale ambapo swali linatakiwa likae unaweka alama ya asilimia na herufi s. Mwanaidi aliliweka jina lake, pamoja na koma ambayo mama haiachi, kuwa lile neno la mkato. Mama anamwita Mwanaidi, anabonyeza nafasi, mlango unafunguka, swali linakwenda peke yake likiwa safi. Akasema atanitumia ile anwani ndefu nimwekee mama hapa hapa kwangu.

Nilikuwa tayari kukata simu kwa asante kavu. Lakini ulimi wangu mimi naujua, haulali na neno. Nikamuuliza, na kwa nini uliweka jina lako?



"Wifi, nikwambie kweli? Usichukie." Sauti ilishuka. "Mwanzoni lilikuwa lako. Mama alikuwa anaandika Otilia. Otilia mwanangu, nieleze hiki, Otilia, nieleze kile. Kila siku niko naye mimi, nampikia mimi, nampaka dawa ya magoti mimi, halafu akikaa kwenye kompyuta yangu anakuita wewe. Wallahi niliona wivu. Nikamwambia, mama, hii kompyuta ni yangu, inamjua Mwanaidi tu."

Nilicheka, yeye naye akacheka, kila mtu na simu yake sikioni, Namtumbo na Songea.

Nikamwambia tu, wifi, tuma hiyo anwani.

Akaituma. Nikakaa mezani. Nikafungua mipangilio, nikafika kwenye vile visanduku vitatu. Kisanduku cha kwanza nikaandika Mama. Cha tatu nikabandika anwani, nikahakikisha ile asilimia na s ipo mahali pake. Kikabaki cha pili.

Nitasema yote. Niliandika otilia. Nilikiangalia kisanduku kile na jina langu ndani yake, herufi sita, nikaona raha ambayo si ya mtu mzima. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mama: hii kompyuta ni yangu, inamjua Otilia tu.

Kisha nikakumbuka kidole kimoja cha chaki kinavyotafuta herufi. Nikafuta. Nikaandika mwanaidi na koma yake, nikahifadhi kabla sijabadili nia.

Sasa ilibidi nijaribu. Nikabonyeza kwenye mstari wa juu, nikaandika jina la wifi yangu, taratibu, na ilipofika katikati ikashuka tena ile orodha ya juzi. Ile niliyoifungia mfuniko.

Safari hii sikuwa na hasira ya kutosha. Nikasoma.

Mwanaidi, kuku anayekohoa apewe nini?

Mwanaidi, mahindi yanauzwaje Namtumbo wiki hii?

Mwanaidi, saruji mpya hutoa baridi kwa muda gani?

Mwanaidi, magoti yakiuma kwa baridi ya usiku yafungwe nini?

Na wa mwisho, mrefu, umekatwa kwa nukta tatu kwa sababu haukuenea. Niliubonyeza uonekane wote.

Mwanaidi, nimwambieje mtoto kwamba chumba alichonijengea kina baridi, asiumie?

Nilikaa pale mpaka skrini ikazimika yenyewe.

Chumba cha nyuma. Upande ambao jua halifiki, dirisha kubwa linalotazama milima na upepo wake wote, lipu ambayo haijamaliza kukauka, sakafu ya saruji tupu. Nilikijenga wakati wa joto, nikakipiga rangi, nikakiona kizuri. Halafu nikamlaza humo mama mwenye magoti, mwezi wa saba.

Ile shali. Kigoda cha jikoni alfajiri, karibu na moto. Kile kiti cha plastiki, ambacho leo nimejua kwamba hakifuati mabasi. Kinafuata jua. Linavyosogea kwenye kibaraza, mama naye anasogea, mpaka ukingoni linapoishia.

Wiki nzima nilikuwa nasoma neno la kwanza tu.

Waliosema mfinyanzi hulia gaeni walinijua. Mji mzima nimeuvalisha masweta, wa kwetu ana shali ya kununuliwa. Na sijawahi mwaka huu hata kumpima mabega, kwa sababu nilikuwa na haraka ya saruji.

Nikatoka kibarazani. Jua lilikuwa limebaki kwenye kona moja, mama na kiti chake wako ndani ya hiyo kona, shali hadi masikioni. Nikachuchumaa karibu naye, nikamshika magoti. Yalikuwa baridi kupitia kitenge.

"Mama, leo unalala kwangu, kwenye kitanda changu. Upande wa ukutani kuna joto, jikoni kuko karibu."

Akaniangalia. Mwalimu hakosi kumsoma mtoto usoni.

"Kompyuta imepona?"

"Imepona, mama."

"Imenijibu lile swali langu?"

"Imekujibu," nikamwambia, na hapo ndipo nilipolia, mbele ya wapita njia, nikiwa nimevaa gauni la kanisani.

Mama akanipangusa kwa ncha ya ile shali. Akasema asingependa kuniumiza, alijua nilivyohangaika na chumba kile, alitaka kungoja hadi mwezi wa kumi joto lirudi, akae humo kwa furaha. Mwezi wa kumi, alisema. Sikumuuliza kama maana yake anabaki au atakuja tena mwezi wa kumi. Nilitaka sana kuuliza. Nimejizuia, na naomba mnihesabie hilo.

Sasa ni saa moja kasoro, uji wa jioni uko motoni. Mama kajilaza kitandani kwangu na blanketi mbili. Kabla ya kujilaza alikaa mezani akajaribu kompyuta. Aliandika jina, akabonyeza nafasi, mstari ukabadilika, akauliza habari za kuku wake. Wakaja kuku. Hakuna hata bibi harusi mmoja. Akasema, "Unaona? Mwanaidi alikuwepo, ila humu alikuwa hajafika." Nikamwacha aamini hivyo.

Lakini nilipomsaidia kufunga kompyuta nilimwambia kwamba humu sasa kuna wawili. Maana nilirudi kwenye mipangilio, nikaongeza mtambo mwingine, anwani ileile, neno la mkato otilia na koma yake. Nikamwambia amwite anayemtaka, wote wanajibu. Mama akacheka peke yake chini ya blanketi, akaniambia nimerithi wivu wa bibi yangu mzaa baba, marehemu, ambaye alimnunia jogoo.

Kesho shule wasubiri masweta yao ya kijivu. Nimetoa sufu nzito nyekundu ambayo nilikuwa naiwekea mteja wa harusi, na mabega ya mama nimeshayapima akiwa anasinzia. Dirisha la nyuma nitamwita fundi alipunguze, na sakafuni nitaweka zulia.

Mwanaidi naye nitamfumia sweta, nimeahidi mbele za Mungu jioni hii hii. Namtumbo pia kuna baridi, na mwenye kumpaka mama dawa ya magoti anastahili.

Lakini lake litakuwa la pili.